Shangazi Alinikaribisha Kama Mtalii

Admin, nifichie jina tafadhali, wa kwetu wengi wanaufuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, mzaliwa wa Unguja, naishi Germantown, Maryland. Kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Hapo ndipo aibu yangu inaponiuma zaidi.

Mwezi wa saba nilirudi kisiwani kwa mara ya kwanza tangu niondoke nikiwa msichana, mimi na binti yangu wa miaka kumi na miwili. Sikumwambia mtu. Kwetu ukishakanyaga nyumbani huruhusiwi kulala kwingine, na lazima upite nyumba kwa nyumba kutoa pole za misiba yote iliyokupita. Nikajisemea tupumzike kwanza hotelini, nyumbani tutakwenda mwishoni. Ubinafsi tu, sijitetei.

Binti akataka ile ziara ya kijijini inayopangwa na hoteli. Nikavaa kofia pana na miwani ya jua, tukafuatana na watalii wengine. Tulipita kichochoro kati ya kuta za mahoteli, ukuta huku, ukuta kule, hata bahari huioni. Sikujua niko wapi mpaka nilipoona kisima tulichokuwa tukiteka maji, kimejazwa maua. Kumbe tumeingia uani kwa shangazi, aliyenilea tangu mama alipofariki.

Alikuwa mkekani anasuka ukili wa majani ya mkindu, Wazungu wanampiga picha. Shangazi huyu zamani akipita mwanamume mgeni tu, anaingia ndani. Akanitazama, akatabasamu, akasema, "Jambo! Karibu Zanzibar!"

Watu wa pwani mnanielewa. Sisi kwa sisi hatusalimiani hivyo, hiyo ni salamu ya wageni. Ilinipasa nivue miwani, nimwamkie, nimbusu mkono. Niliona haya mbele ya wale watu, nikaona haya na mbele yake. Nikajibu, "Jambo." Basi.

Kijana anayetuongoza akasema, "Bibi huyu ana mtoto wake Marekani, hajarudi hata siku moja." Shangazi akamsukia binti yangu bangili ya ukili, akamshika shavu. Tukaondoka. Siku zilizobaki sikwenda tena, ningeingia na uso gani?

Ndani ya ndege binti akaniuliza, "Mom, that was Shangazi, right? Sauti yake naijua, ya kwenye simu."

Shangazi hunipigia kila Ijumaa. Wiki iliyopita aliniambia, "Mwanangu, alikuja mtoto hapa na watalii. Sura yako tupu, ulivyokuwa mdogo! Nilitaka nimuulize mama yake kwao wapi, lakini yule mama hakuvua miwani." Kisha akasema, "Haya, na wewe ukija, chumba chako nakifagia."

Sijui kama ananitega au hajui kweli. Nikimwambia, naogopa nitamuua kwa uchungu. Nisipomwambia, kila simu ni uongo mpya. Binti yangu hataki kuivua ile bangili, na simu ya shangazi hataki tena kuishika. Anasema, "I'm not lying to her," yeye hatamdanganya.

Ndugu zangu, nitukaneni kwanza kama mnataka, lakini mkimaliza mnishauri. Kesho ni Ijumaa, na simu italia.