Kamati ya Samoni

Mume wangu ameishi miaka sitini na miwili bila kumwona samoni aliye hai. Amemwona kwenye friza za supamaketi huku kwetu Mabela, Maskati, amelazwa katika kisahani cha plastiki, rangi ya chungwa, hana kichwa wala mkia. Kwa elimu hiyo, mwaka huu alianza kuchagua vifaa vya kumvulia.

Sababu ilikuwa mwanetu. Miaka minne nyuma, siku ya pili ya Idi, mbele ya wageni na sahani za biriani, kijana alitangaza kwamba amepata kazi Kanada na anaiacha ile kazi ya serikali ambayo baba yake alizunguka ofisi nyingi kumtafutia. Baba yake akamwambia akitoka kwa mlango ule, hata habari za kifo cha baba zikimfika asije kumzika. Wageni wakaangalia sahani zao. Shemeji yangu, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema samaki mkunje angali mbichi. Samaki mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na saba na digrii mbili. Wiki ile ile alipanda ndege, na tangu hapo baba na mwana hawakusemezana.

Au niseme walisemezana kupitia kwangu. Kila Ijumaa asubuhi, wakati kwake bado ni Alkhamisi usiku, kijana hunipigia simu, nami huzungumza naye jikoni. Mume wangu, ambaye siku nyingine hajui jikoni kwangu kuna makabati mangapi, Ijumaa huja kutafuta glasi. Akishaipata glasi hutafuta kijiko. Ananiuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayekaa Kanada, kama baridi imepungua na kama ile gari imetengenezwa. Nami nalichukua swali, nalipangusa vumbi, nalipeleka. Jibu likija kali nalitia sukari. Nilijiona fundi wa kazi hiyo, na dada zangu wakinisifu kwa subira.

Basi mwaka huu, kabla joto halijaanza kutuunguza, kijana akaniambia nimwambie baba aende kumtembelea mwishoni mwa kiangazi. Karibu na nyumba yake kuna ufuo ambapo samoni hupita karibu kabisa na nchi kavu wakielekea mtoni, na watu huwavua wakiwa wamesimama kwenye mawe, bila boti. Baba anapenda kuvua, alisema, tutavua pamoja. Ujumbe huo niliufikisha kama ulivyo. Mume wangu alikunywa maji yake yote, akaiweka glasi, akaniuliza huyo samoni hufika kilo ngapi.

Nikamwambia ampigie mwanawe amuulize. Akasema atauliza watu.

Hapa lazima nieleze desturi. Wanaume wa ukoo wa mume wangu hawasemi samahani. Huleta kitu. Desturi hiyo walikuja nayo kutoka Unguja pamoja na masanduku yao, na hapa Maskati wameitunza vizuri kuliko masanduku. Mume wangu akimkosea dada yake humpelekea sinia la halwa. Dada hula, mambo yakaisha, wala hakuna anayetaja kilichosemwa. Mimi nina friji la milango miwili kwa ajili ya neno moja alilonitamkia kabla kijana wetu hajaanza skuli, na neno lenyewe lilistahili mafriji mawili. Kwa hiyo nilipomwona anaanza safari za kwenda madukani Khuwair ya Kusini, nilielewa. Alikuwa anatafuta msamaha, na alitaka apewe pamoja na risiti.

Kazi hiyo hakuifanya peke yake. Kila siku baada ya sala ya Alasiri kamati ilikutana katika majilisi yetu, chumba cha kupokelea wageni: mume wangu, shemeji yangu yule wa samaki mkunje, aliyesoma Uingereza miezi tisa ujanani na tangu hapo ni mtaalamu wa kila kitu cha baridi, na jirani yetu mstaafu, ambaye hutazama video za uvuvi tangu anapofungua kinywa mpaka anapolala. Jumla ya samoni waliowahi kuvuliwa na kamati ilikuwa sifuri. Jambo hilo halikuwazuia hata kidogo.

Shemeji alisema samoni ni samaki wa wafalme, hali chambo ovyo, na huvuliwa kwa vinzi vya manyoya, chambo cha bandia kilichofungwa mfano wa inzi, na fimbo ya kuvulia yenye urefu wa watu wawili, mvuvi akiwa amevaa suruali ya mpira inayofika kifuani. Jirani akasema samaki ni samaki, na fimbo iliyomshinda nguru itamshinda na samoni. Mume wangu aliwasikiliza wote wawili kwa heshima, akanunua fimbo kwa kila rai, kisha akanunua na ya tatu kwa rai yake mwenyewe.

Dukani nilikwenda nao mara moja tu. Muuzaji aliuliza ni samaki gani tunayemtaka. Mume wangu akamjibu. Muuzaji akaniangalia mimi, akasema kwa Kiarabu cha adabu sana kwamba bahari hii samaki huyo hana. Alipoelezwa kuwa kuna safari, akaenda nyuma akaleta fimbo fupi nyembamba, laini, na mshipi mwembamba karibu sawa na uzi wa kushonea, akasema kwa kuvulia ufuoni kitu chepesi ndicho kinachofaa, maana mtu hurusha mara mia kwa siku na mkono huchoka. Mume wangu aliishika kwa vidole viwili kama mswaki wa mtu mwingine. Akaomba kitu chenye heshima. Tukatoka na ile fimbo ya tatu, inayoweza kuvuta gari lililonasa kwenye mchanga wa bondeni, na makina ya kukunjia mshipi yenye ukubwa wa sufuria ya uji, na waya wa chuma wa kufunga mbele ya ndoana, kwa kuwa nguru ana meno na hukata mshipi. Kama samoni naye hukata, hakuna aliyeuliza.

Wiki hiyo nilimwomba kijana aniandikie hasa kinachotakiwa, nikaisomea kamati ujumbe wake. Fimbo nyepesi. Mshipi mwembamba. Chambo cha bandia kidogo, cha rangi ya waridi. Na ndoana isiyo na kile kijino cha kumzuia samaki asichomoke, kwa sababu sheria ya huko haikiruhusu.

 Kisha shemeji akasema ikiwa ndoana haina jino, basi samaki wa Kanada huvuliwa kwa hiari yake. Jirani akasema habari ya waridi bila shaka nimeisoma vibaya. Mume wangu akauliza mwanamme mzima atasimamaje ufuoni mbele za watu na kitu cha waridi mkononi, na kesho yake akaenda kununua vyambo vyekundu na vya fedha, na ndoana zenye meno kama miba ya mgunga.

Mimi nilikuwa nimeshachoka. Niliwaambia waziwazi kwamba wamekaa watu wazima watatu, wenye simu tatu mifukoni, wanabuni wenyewe jibu ambalo mtoto analo na anatamani kuulizwa. Wakasema inshallah. Kwa wanaume hawa inshallah ya aina hiyo maana yake ni funga mlango ukitoka.

Jumamosi moja alasiri wakaenda ufuoni Sibu kujaribu fimbo. Nilikaa garini na chupa ya chai, mlango nimeuacha wazi ili nisipitwe. Mume wangu aliishika ile fimbo ya heshima, akapanua miguu, akairudisha nyuma ya bega kama alivyoelekezwa na jirani, akarusha kwa nguvu zake zote. Ndoana ikapita kichwani kwa shemeji ikamnyakua kofia. Ilikuwa kofia nzuri, mkewe ameishona kwa mkono karibu mwaka mzima, na ilikwenda mbali kuliko chambo chochote walichokuwa wamerusha siku ile, ikatua majini taratibu. Vijana waliokuwa wakicheza mpira wakasimama kutazama. Mume wangu akazungusha makina akaivuta kofia mpaka nchi kavu, na wala haikuchomoka. Nilicheka mpaka nikaiweka chini chai isinimwagikie. Shemeji alijiuzulu kamatini, akarudi baada ya siku mbili alipopelekewa kofia mpya.

 Lakini tulipofika nyumbani mume wangu alizitandaza zile fimbo tatu juu ya zulia, akaleta begi la safari, akajaribu kuzipanga moja baada ya moja. Hakuna iliyoingia. Akakaa chini katikati ya vyambo na makaratasi ya tiketi ya ndege, kanzu ina chumvi pindoni, nami nikawa nimesimama na maneno yangu tayari mdomoni.

"Nnaogopa," akasema.

Nikamuuliza anaogopa nini.

"Nnaogopa nitafika pale uwanja wa ndege, nimuone, nisiwe na la kumwambia."

Ningeweza kukaa chini nikamshika mkono. Sikukaa. Nilikuwa na hasira ya miaka minne, nikamwambia kwamba la kumwambia analo, tena analijua, na halitiwi kwenye begi. Nikaenda zangu kupika.

Ijumaa iliyofuata simu ilipolia nilikuwa nakanda unga wa chapati, mikono yote miwili imo ndani ya bakuli. Yeye alikuwa amekwisha kupata glasi yake. Nilimwambia aipokee, sina mkono. Unga ule ungeweza kungoja, na yeye alijua. Aliitazama simu ikilia, akaigusa, ikatoa sauti jikoni kote kwa sababu hajui kuizungumzia namna nyingine.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba," akasema mume wangu.

 Nilidhani simu imekatika. Kisha mume wangu akakohoa, akauliza, kwa sauti ile ya ofisini aliyoiacha alipostaafu, fimbo ya huko inatakiwa iwe futi ngapi, maana hapa kila mtu ana lake.

"Baba, usichukue fimbo," mwanangu akasema. "Yako ipo huku."

"Ipi?"

"Nilikununulia mwaka ule ule niliofika. Ipo nyuma ya mlango. Nilimwambia mama akwambie."

Mikono yangu ikasimama ndani ya unga. Kweli aliniambia. Ilikuwa mwezi wa tatu tangu aondoke, aliniambia kwa furaha, amepita dukani akaiona, akamkumbuka baba. Wiki hiyo baba yake alikuwa ameishusha ukutani picha ya mahafali ya kijana akaitia kabatini, nami nikaogopa atanijibu neno ambalo sitaweza kulitia sukari. Nikasema nitangoja siku nzuri. Siku nzuri zilikuja, nyingi tu. Sikusema, kwa kuwa kila nilipotaka kusema ilibidi kwanza nieleze kwa nini nimechelewa. Na nikiacha kujitetea, kuna sababu nyingine. Watu wawili wakisemezana hawamhitaji mpeleka habari, na mimi nilikuwa nimezoea kuhitajiwa kila Ijumaa.

"Mama hakukwambia?" mwanangu akauliza.

Mume wangu akageuka akanitazama. Hakuwa na haja ya kuuliza; uso wangu ulikwisha kumjibu. Nimeishi naye miaka thelathini na mitatu. Ni mtu anayekumbuka chungu kilichoungua mwaka tuliooana, na kila mgeni akija hukitaja. Nilingoja nitajwe na mimi.

"Aliniambia," akasema. "Mimi ndo nilokuwa sitaki kusikia."

Akavuta kiti akakaa, akanipa mgongo, akaisogeza simu karibu. Nilimsikia akianza, "Lile neno la siku ile ya Idi, mwanangu," akaacha, akaanza tena. Niliona haya ambayo sijapata kuiona mbele ya mtu yeyote. Nikaosha unga mikononi, nikatoka jikoni kwangu, nikakaa sebuleni kusikiliza kama wataniita. Walizungumza muda mrefu, na hakuna aliyeniita.