Pumzi Isiyoingia Kwenye Mizani

Jirani yetu wa Ng'ambo, mzee aliyeleta asali kutoka Sikonge na kuiuza kwa chupa hapo mjini Tabora, alifariki mwaka ule wa korona. Ndugu hawakuruhusiwa kuingia wodini. Alizikwa na watu wachache waliovaa glavu, sisi wengine tukaangalia kutoka barabarani. Hapakuwa na matanga.

Mjane wake aliniita baadaye. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na mtaani wanajua huwa natunga.

"Mwanangu, mtungie mzee wako shairi. Hakuliliwa."

Nikatunga. Nikakaa kizingitini, barakoa usoni, yeye ndani kwenye mkeka, nikamsomea:

*Simba wetu kaanguka, msitu umenyamaza.*

"Simba?" akauliza. "Yule alikuwa anaogopa hata jogoo wangu."

Tukacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Usiku ule kabla hawajamchukua kwenda hospitali, alikuwa anatafuta pumzi. Umeliweka hilo?"

"Sijaliweka, mama."

"Liweke."

Nilihangaika nalo siku nyingi. Neno pumzi lilizidisha mizani kila nilipolijaribu, nikaweka hewa. *Hewa aliitafuta, nasi hatuna la kumpa.* Mstari huo nao ulipwaya mwishoni, lakini nikampelekea hivyo hivyo.

Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hakutafuta hewa. Hewa ilikuwepo tele, madirisha yote nilifungua. Alitafuta pumzi."

Nikafuta, nikaandika pumzi, mstari ukaharibika, nikauacha umeharibika.

Akampigia simu binti yake aliyeolewa huko kijijini Lusu, ambaye hakuwahi mazishi. Akaniomba nimsomee. Nilisoma beti zote.

"Shikamoo, Mwalimu," binti akasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Asante. Kule hospitali, baba aliniulizia?"

Nikatazama karatasi, nikamtazama mama yake. Nikampa simu.

"Hatukuingia, mwanangu," mama akasema. "Walituzuia getini." Binti alikuwa anauliza tena, nilimsikia, na mama akamjibu: "Sijui, mama yangu. Sijui kama alikuulizia. Hatukuingia."

Nikabaki pale kizingitini. Hakuna aliyekumbuka kuniaga.