Ijumaa ya Fundi

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kama mafundi wote, ni mwongo wa Ijumaa. Kitambaa chako hakijaonja mkasi, yeye anakuambia bila kupepesa macho, "Njoo Ijumaa, dada, vimebaki vifungo tu." Tunashona chumba kimoja, tunatazamana. Nimezisikia Ijumaa zake zote.

Majibu ya kipimo yalipotoka, daktari alituambia uvimbe kwenye titi lake la kushoto ni saratani. Titi litolewe, kisha zifuate dawa. Mimi nililia palepale. Yeye alirudi kazini, akatia zipu kwenye sketi ya mtu.

Siku ya kulazwa ikafika, hakwenda. Nesi akapiga simu. Nikamsikia wifi kwa masikio yangu haya: "Nakuja Ijumaa, mdogo wangu. Nimebakiza kikazi kidogo tu."

Jamani! Nilipandwa na hasira mpaka nikajichoma sindano.

"Wifi, unamzungusha nani? Mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua. Naijua, usinisomee. Niache, nimechoka."

Na kweli alikuwa amechoka. Hata pedali alikuwa akiikanyaga kwa kuibembeleza.

Ijumaa yenyewe nikamkuta anapokea kitambaa kingine, cha gauni zima la harusi. Sikubishana. Nilichomoa mkanda wa cherehani yake nikautia ndani ya sidiria yangu. "Haya, shona sasa."

Nilidhani atanirukia. Akacheka, kisha kicheko kikamkauka.

"Naogopa, wifi. Nikisema nimechoka, ujue naogopa."

"Hata mimi naogopa. Twende hivyohivyo."

Halafu akavua tepu ya kupimia shingoni, akanipa. "Nimepima vifua vya mtaa mzima, changu sijawahi. Nipime kabla hawajakata. Nataka nijue nilikuwaje."

Mganga hajigangi. Nikampima, nikakosea, nikarudia, machozi yananidondoka kwenye tepu. Yeye alisimama wima, mikono juu kidogo, kama anavyowaamuru wateja wake.

"Nikitoka utanipima tena," akasema. "Unishonee gauni la huyo atakayetoka."

"Nitakushonea."

"Nije lini kulichukua?"

Nilitafuta siku ya kumtajia, nikaikosa. Daktari mwenyewe hakuwa ametuambia.

"Njoo Ijumaa," nikamwambia.

Akaniangalia sana. Kisha akachukua mfuko wake wa nguo, tukafunga mlango, tukaenda hospitali.