Maswali Aliyoulizwa Beatha

Kila Jumatano, siku yake ya mapumziko, Beatha Eliamini huiacha sare ya hoteli nyumbani, akajifunga kitenge na kwenda kuketi kwenye banda la gemu la Rashidi, nyuma ya stendi ya Same. Ana miaka thelathini na sita, na waliomzunguka ni vijana ambao angeweza kuwazaa. Mwanzoni walimcheka. Siku hizi wanamwachia kiti cha karibu na feni, kwa sababu wameona anavyopigana.

Anacheza gemu moja tu, la zamani, ambalo Rashidi alilikuta ndani ya katoni ya mashine za mtumba. Lina jina lake la Kiingereza, lakini kwao Lembeni, yeye na kaka yake Anderson waliliita Majivu, maana nchi yote ya mle ndani imefunikwa na majivu. Kuna mfalme mchawi juu ya mlima, kuna mazimwi, na kuna binti mwenye upanga anayetakiwa kupanda hadi huko juu. Mjomba wao ndiye aliyewaletea mashine, mwaka ambao Beatha alimaliza darasa la saba. Waligawana kazi. Beatha alishika pedi ya kuchezea akapigana. Anderson, aliyekuwa kidato cha pili, alisoma maandishi na kumtafsiria, na palipotokea swali la kujibu, alinyoosha mkono akabonyeza mwenyewe.

Kuhusu mapigano, Beatha hana la kulaumu. Atakwambia hajaona gemu jingine lenye haki namna ile. Upanga ni mzito. Ukiuinua kwa pupa unachelewa kushuka, na zimwi halikusubiri. Lazima uliangalie bega. Bega likishuka, ruka kushoto, ndipo upige. Ukifa, umekufa kwa ujinga wako, huna wa kumsingizia. Miaka ishirini na ushee imepita, na siku ya kwanza alipokaa kwa Rashidi vidole vyake vilikumbuka kila kitu.

Hadithi ndiyo iliyomtia uchungu. Miaka kumi na mmoja ya kutandika vitanda vya watalii wanaokwenda Mkomazi imempa Kiingereza cha kutosha. Hakuna aliyemfundisha, alikiokota kwenye korido akiwa na ndoo mkononi. Basi safari hii akasoma mwenyewe. Akamkuta yule bibi wa darajani, ambaye Anderson alisema ni mchawi aliyekula watoto wa kijiji, anaomba tu aachiwe mbuzi wake. Enzi zile Beatha alikuwa amemuua bibi huyo mara sita, na kila mara alishangilia. Akawakuta askari wa lango waliokuwa wanataka kujisalimisha. Na kila kituo binti wa upanga anaulizwa, kwa jina lake: Utasamehe? Utabaki au utakwenda? Wewe unataka nini? Mengine yalimfanya aweke pedi mapajani akafikiri. Yote hayo Anderson aliyajibu yeye, na wala hakumwambia mdogo wake kwamba ameulizwa. Alichosema ni, anasema tuendelee.

Mtu mwingine angecheka, akasema ni utoto. Beatha naye alijaribu kucheka, Rashidi ni shahidi. Lakini usiombe jambo kama hilo likuingie kichwani wakati unakunja mashuka peke yako.

Kwa sababu mwaka uleule wa Majivu alikuja mama mmoja wa Kizungu, mgeni wa usharika, akatembezwa nyumba kwa nyumba na kwao akala makande. Alipomaliza, alimgeukia Beatha akamsemesha Kiingereza, polepole, maneno marefu, kisha akangoja akimtazama usoni. Anderson ndiye aliyekuwa mkalimani. Alimwambia Beatha kwamba mgeni anayasifu makande. Beatha akatabasamu, akainamisha kichwa. Anderson akamjibu mgeni kwa maneno mengi kuliko shukrani ya makande inavyohitaji. Yule mama alisikitika, akamshika Beatha bega, akaandika kitu kwenye daftari lake. Januari iliyofuata Anderson alikwenda shule ya bweni, ada ikitoka ng'ambo. Beatha alibaki na mama na kuku. Watu walisema kaka yake ana bahati, naye akasema hivyohivyo miaka yote hii, na kanisani akamwombea.

Jumatano iliyopita alitoka bandani kabla muda wake haujaisha, akampigia simu kaka yake Dodoma, ambako Anderson ni bwana mkubwa wa ofisi yenye kiyoyozi. Akamwamkia shikamoo kaka, akauliza habari za watoto, kisha akauliza habari za bibi wa darajani.

Anderson alicheka sana. Alikiri yote bila kubanwa. Kiingereza chake wakati ule kilikuwa cha kuombea maji, maandishi yale alikuwa haelewi hata nusu, na kwa kuwa aliona aibu mbele ya mdogo wake, akawa anatunga tu. Beatha naye akacheka. Kama ni hivyo, basi hata siku ile ya makande kaka yake alibahatisha, kama alivyobahatisha kwenye gemu, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Mtu anaweza kuishi na hilo. Angeaga wakati huo, angerudi kazini kesho yake na kaka yake akiwa mzima moyoni mwake.

"Na yule mama wa Kizungu?" aliuliza. "Naye hukumwelewa?"

Kicheko kilikatika. Ulisikika mlango ukifungwa upande wa pili. Upepo wa Same ulikuwa unavumisha vumbi pale stendi, na Beatha akaziba sikio la pili kwa kiganja.

"Yule alisema polepole, Beatha," Anderson alisema. "Yule nilimwelewa."