Nipe Kosa, Mzee

Mimi shule niliacha kabla ya kujua kugawanya. Nilianza na punda mmoja wa kuuza maji sokoni Tawa, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi na matanki ya mvua nyumbani. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Nasema hivyo mjue mimi si mtu wa kulialia.

Kijana wangu wa kwanza, mtu mzima, aliugua kichwa wakati wa kiangazi. Alianza kwa kukosa usingizi, halafu akawa anasema maji yametiwa sumu. Siku moja nikarudi kutoka dukani nikakuta amefungua tanki langu, maji yote yameenda shambani, naye ameketi kando amelowa, anatabasamu kama mtu aliyetuokoa. Huku kwetu mtu anaweza kukuibia mbuzi na mkasameheana. Maji, hapana.

Mama yake aliita watu wa kanisa wakamwombea. Alisikiliza vizuri, akasema amina, na wao wakiwa kwa chai akaenda akafungua tanki la jirani.

Jirani hakuja na hasira. Alisema, "Mzee, mimi nakuheshimu. Lakini huyu akifika kwa tanki la sokoni, watu hawatauliza kama ni mgonjwa. Watasema ndiye anayetia hiyo sumu."

Nimewahi kuona mtu akiuawa kwa mawe sababu ya kuku.

Asubuhi nilienda kituo cha afya. Sista akaniambia nimlete.

"Nimlete vipi? Ananizidi nguvu na hataki."

"Sisi hatuendi kushika mtu nyumbani, mzee. Polisi ndio wanamleta. Wakimfikisha hapa nitamdunga sindano atulie, kisha aende hospitali kubwa."

Nikaenda stesheni. Askari wa mezani akauliza, "Amepiga mtu?"

"Hapana."

"Ana panga?"

"Hapana. Anamwaga maji."

Akamwangalia mwenzake, wakacheka. "Mzee, kama kumwaga maji ni uhalifu, basi bibi yangu ni jambazi sugu."

Mimi sikucheka. Nikamwambia alivyosema sista. Hapo akaacha mzaha, akaongea kwa upole, na huo upole ndio uliniuma. "Sista husema hivyo kila siku. Nikitoa landrova lazima niseme naenda kushika nani, kwa kosa gani. Ugonjwa si kosa. Nipe kosa, mzee."

Baadaye wakili mmoja aliniambia sheria inawaruhusu polisi kumchukua mgonjwa wa akili na kumpeleka hospitali bila kosa lolote. Mimi sikujua. Kama yule askari alijua, hakusema.

Nilifikiria jirani. Yeye akimshtaki kijana wangu, tutachukiana mpaka kwa wajukuu. Nikasema, "Andika mimi. Tanki ni langu, maji ni yangu. Mlalamishi ni mimi."

"Una hakika?"

"Andika."

Walikuja mchana. Kijana wangu alitoka kuwapokea akiwa na furaha, kwa sababu alifikiri wamekuja kwa sababu ya sumu. "Karibuni, maafande. Mmechelewa, lakini karibuni. Tanki lenyewe ni lile pale." Walimtia pingu akiwa bado amenyoosha mkono kuwaonyesha.

Mama yake akapiga kelele, "Polepole, ni mgonjwa!"

"Sasa mama, mlituita ya nini?"

Kijana akanigeukia. Kwetu baba ni tata. "Tata, si uwaambie!"

Nikawaambia tupitie kwa sista. Askari akasema hapana, huyu sasa ni mtu wa korti, mlalamishi yupo, anaenda seli. Nikaenda mimi mwenyewe kumwita sista. Na lazima nimpe haki yake: alikuja kwa miguu na mkoba wake baada ya kazi. Mkubwa wa stesheni akamkataza. "Ukimdunga hapa alale asiamke, nani atajibu?"

"Si mngemleta kwangu kwanza!"

"Kwa barua ya nani?"

Walibishana juu ya kichwa changu, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Mimi ninayepigia madereva wa malori kelele wakanyamaza, nilisimama hapo na kofia mkononi.

Nikasema basi naondoa mashtaka. Mkubwa akasema sawa, nikiondoa watamfungulia aende. Aende wapi? Tanki la sokoni bado lipo. Nikayaacha yakae.

Kortini hakimu alimuuliza kama alimwaga maji ya mzee huyu. "Ni kweli," akasema, "na nitamwaga tena." Watu wakacheka. Nikasimama. "Mheshimiwa, mimi ni baba yake, huyu kijana..."

"Mlalamishi, keti. Utasema ukiulizwa."

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Aliona. Aliagiza daktari wa akili ampime kwanza, na kabla ya hapo akae rumande. Lakini daktari huyo anazunguka mahali pengi, na zamu ya kwetu hakuna anayeijua. Nimeuliza hospitali, wakanituma kortini. Korti ikanituma jela. Jela wakasema wao hupokea tu.

Siku za kutembelea ni mama yake anayeingia. Mimi nikiingia kijana anapaza sauti, "Muulizeni mzee yule nimemkosea nini!" na askari jela wana namna yao ya kunyamazisha mtu. Kwa hiyo nabaki getini. Mama yake akitoka namuuliza kama daktari amefika.

Anasema bado.