Kitenge Kisicho na Jina

Umurerwa aliwahi kumfukuza mteja nyumbani kwake Mbugangari kwa kosa la kuuliza kama mchoro ule ni ndege au samaki. "Ni mistari," alimwambia, akafunga mlango. Ndivyo alivyokuwa. Alisomea sanaa Kinshasa, akarudi na imani moja tu, kwamba mstari haulazimiki kuwa kitu. Imani hiyo ilimletea sifa kidogo na njaa nyingi.

Alibuni vitenge na kuvichapa mwenyewe kwa fremu za wavu, juu ya meza ndefu aliyoundiwa na mumewe, Donat. Zamani vilikuwa na rangi za kukodolewa macho. Kisha, mwaka wa tisini na sita, Donat alivuka mpaka kwenda Goma kumchukulia rangi ya buluu, vita vikaanza huko, na karibu miaka miwili sasa hakuna aliyemwona wala aliyeleta habari. Tangu hapo Umurerwa alichapa nyeusi tupu. Akiulizwa, alisema ndio mtindo wake mpya. Watu wakamwachia mtindo wake.

Sasa alikuwa amechoka. Mgongo ulimuuma, hoteli zilizonunua mapazia yake hazikuwa na wageni, na seremala mmoja wa Rubona aliitaka ile meza. Akajiambia kwamba vitenge hivi vya mwisho visipouzika, meza itakwenda, naye atauza nyanya. Mchoro wenyewe ulikuwa mistari miwili miwili myeusi: inakwenda pamoja vizuri, halafu mmoja unakatika na mwingine unaendelea peke yake.

Nyiraneza, aliyekuwa akimuuzia vitenge vyake sokoni na kumwita kwa jina la mwanawe, alivipokea na kuguna.

"Mama Olivia, kitambaa iko muzuri. Lakini jina yake ni nani?"

"Haina jina."

"Bon, sawa. Lakini bamama habanunuake kitenge haina jina. Ile ingine tuliita 'Jirani Anaona', ikaisha mbio. Hii mi niite nani?"

"Ni mistari tu."

Nyiraneza hakubishana. Alimjua mtu wake.

Baada ya wiki mbili Umurerwa alikwenda sokoni kuchukua mabaki, maana seremala alikuwa anakuja kesho yake. Alikuta kipande kimoja. Pembeni, mama mmoja alikuwa anajifunga chake papo hapo, juu ya sketi.

"Ilikwisha," alisema Nyiraneza, bila kumtazama usoni. "Unisamehe, Mama Olivia. Bamama benyewe baliipa jina."

"Jina gani?"

"Hajarudi."

Umurerwa alifungua mdomo kusema ni mistari tu. Lilikuwa jibu lake la miaka yote, na lilikuwa limemsitiri. Safari hii halikutoka. Aliutazama mstari uliokatika, akautazama ule unaoendelea, na uchungu ukamwingia. Ulikuwa na wivu kidogo ndani yake, kwamba wanawake asiowajua walikuwa wameusoma mchoro huo kabla yake mwenyewe.

"Utatengeneza ingine?" Nyiraneza aliuliza kwa upole.

"Nitatengeneza. Ule seremala, nitamurudisha bila meza." Akakigusa kile kipande kimoja. "Na hii imebakia?"

"Chukua. Si ni yako?"

"Hapana," alisema Umurerwa, akitafuta pesa ndani ya mkoba. "Uniuzishie, sawa bamama bengine."

Akajifunga palepale, akasimama karibu na yule mama.