Zana Aliyoichagua Nesi Aikaeli

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ndogo hapa Moshi, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta alinipeleka wodi ya watoto. Nilikuwa bado nimeshika bahasha ya vyeti.

"Kaa hapa mpaka saa nane," aliniambia. "Ukishajua hawa wanafanya kazi gani, ndipo uguse kompyuta."

Miaka ikapita. Tukapewa kazi ya kutengeneza programu ya kukokotoa dozi za watoto kwa uzito wao. Tulipoanza kuiandika, tulihitaji zana ya majaribio, yaani programu inayopima programu nyingine, kipande kimoja kimoja. Kipande kikiwa sawa huonyesha kijani, kikikosea, nyekundu.

Zana zilibaki mbili. Mimi niliitaka ile iliyosifiwa na mafundi wote, yenye kasi na madoido. Ya pili ilijikokota, ila kila jaribio liliandikwa kwa sentensi ya kawaida, hata ya Kiswahili. Nilibishana siku mbili nzima.

"Yako inakimbia, sikatai," alisema Mkuu. "Lakini atakayejua kwamba dozi ni sahihi ni wewe?"

Maneno hayo yalinichoma. Akamwita Nesi Aikaeli, msimamizi wa wodi ya watoto. Nikamwamkia, nikamwekea kiti. Alitazama majaribio ya zana yangu, akatikisa kichwa. "Haya mtajuana wenyewe na mashine yenu." Kisha akavaa miwani na kuyasoma ya zana ya pili, moja baada ya jingine, kidole kikifuata mstari: mtoto wa kilo kumi, mtoto wa kilo sita, mtoto wa kilo nne.

"Njiti wako wapi?" akauliza.

Watoto waliozaliwa kabla ya wakati hawakuwemo. Nikaandika palepale: mtoto njiti, kilo moja na robo tatu. Ikatoka nyekundu. Programu yetu ilikuwa imempandisha mtoto yule hadi kilo mbili, ikamzidishia dawa.

Nikafuta machozi. Mwanangu wa kwanza alizaliwa njiti. Nilimbeba kifuani wiki nyingi, ngozi kwa ngozi, na Nesi Aikaeli ndiye aliyenifundisha kumfunga kwa kanga. Leo nilikuwa nimewasahau wenzake.

Aliniwekea mkono begani. "Usilie, mama. Hakuna mtoto aliyeimeza dozi hiyo."

"Aika mae," nilimshukuru kwa Kichagga, maana Kiswahili kilikuwa kimenikimbia.

Tukaichukua zana yake.

Sasa nimestaafu, nipo kihambani kwangu, kwenye migomba yangu, Kibosho. Vijana hunijia kuniuliza zana ipi ni bora. Huwauliza kwanza ni nani atakayeyasoma majaribio yao. Programu ile imeshaandikwa upya, na zana yenyewe imebadilishwa, lakini zile sentensi zilihamishwa zote, na manesi huongeza za kwao. Siku ya kuniaga, nesi mmoja alinisomea sentensi waliyoiongeza asubuhi ile: "Mtoto ambaye hajapewa jina aandikwe kwa jina la mama yake, asipotee."

Ilikuwa kijani.